Fundi Viatu Aliyewaacha Ngamia

Saa moja asubuhi fundi viatu ameshakaa kwenye kigoda chake nje ya duka la vitambaa. Mdomoni ana misumari, magotini ana soli, na mbele yake amesimama mteja mwenye hasira.

"Uliniambia kesho," mteja anasema. "Na jana yake uliniambia kesho."

Fundi anatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, bila haraka. Kisha anachomoa kiatu chini ya kigoda. Kimekwisha, kinang'aa. Mteja anakigeuzageuza, anatafuta kasoro.

Mtaa mzima unamwita Kesho, na jina hilo alilitolea jasho. Inasemekana bwana mmoja alimletea viatu vya harusi yake, akavichukua siku mwanawe alipooa. Mkewe fundi, anayeuza vifungo na uzi meza ya pembeni, anasema huo ni uzushi.

"Alikuwa mtoto wa pili," anasema.

Aliyemtia adabu ni nesi wa zahanati ya jirani, mkimbiaji hodari. Alileta viatu vyake vya mbio vitiwe soli, akaambiwa kesho mpaka akachoka, akafanya mazoezi na vya kuazima na kuteguka mguu. Nafasi yake katika mbio za jangwani, za siku tano na karibu kilomita mia mbili, ilikuwa imeshalipiwa.

"Nilimwendea na magongo yangu," nesi anakumbuka. "Nikamwambia, fundi, nafasi hii haipotei bure. Utakimbia wewe."

Waandaaji wakaisogeza hadi mwaka uliofuata. Kila jioni nesi alimfuata fundi kwa baiskeli, filimbi mdomoni. Mtaa ulicheka. Muuza magazeti alitangaza kwamba Kesho atafika keshokutwa.

Waligombana mara moja tu. Nesi alimtaka achukue viatu vikubwa kidogo, kwa kuwa joto huvimbisha miguu.

"Sista, mambo ya viatu niachie mimi," fundi akajibu. "Vitalegea vyenyewe."

Ndiyo maneno aliyowalisha wateja maisha yake yote. Siku ya tatu jangwani, viatu havikulegea.

"Juu ya mchanga ule ungeweka birika, chai ingechemka," anasimulia. "Vidole vikavimba kama ndizi. Nageuka nyuma, naona ngamia."

Katika mbio hizo ngamia hutembea mwisho kabisa. Wakikupita, umetolewa.

"Walikuwa ishirini," anasema.

"Wawili," mkewe anamrekebisha.

"Wawili, mama watoto, lakini hukuwaona wanavyotafuna."

Alikaa mchangani, akavua viatu, akavikata ncha kwa kisu. Sindano na uzi alikuwa navyo. Bila hivyo hata msibani haendi. Akachana mfuko wa begi lake, akaanza kushonea kitambaa kwenye matundu ili vidole vipumue na mchanga usiingie. Kwenye kigoda chake, kazi hiyo ingekula wiki mbili.

Kiatu cha kwanza kikaisha. Cha pili kilikuwa kimefika nusu, mchunga ngamia alipomkaribia.

"Mzee, hawa siwezi kuwasimamisha," akamwambia. "Bado?"

Fundi akafungua mdomo. Neno lake la siku zote lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza, akapiga mishono ya mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Tayari," akasema, akatimua mbio.

Tangu hapo ngamia waliambulia kumwona mgongo. Siku ya tano alivuka mstari wa kumalizia, viatu vikiwa na pua za kitambaa, akiwa ameacha watu kadhaa nyuma. Nesi, aliyesafiri kwenda kumsubiri, alipiga filimbi mpaka mwamuzi akamnyang'anya.

Leo medali inaning'inia kwenye msumari juu ya kigoda. Muuza magazeti bado anamwita Kesho, ila sasa anaanza na "mheshimiwa".

Mwakani fundi anataka kurudi, safari hii pamoja na nesi, ambaye mguu wake umepona. Atavaa viatu vikubwa. "Hilo sibishani tena," anasema.

Na vile viatu vya nesi, vilivyoanzisha yote?

Fundi anatazama juu. Vinaning'inia nyuma ya medali, soli moja ipo, nyingine haipo. Mkewe anaacha kupanga vifungo, anamkazia macho.

Fundi anavitungua. Anavipuliza vumbi, anatia uzi kwenye sindano.

"Mwambieni sista apitie avichukue," anasema. "Leo jioni."