Wazo Nililompa Jirani Yangu

Siku hizi nikisikia mtu anasema "tuboreshe", hata kama ni kanisani, nachoka. Nachoka mwili mzima, wacha tu.

Nilikuwa nashona kola kwenye karakana ya sare za shule huko Kawangware, upande wa Riruta. Jirani yangu wa ploti moja hapa Kianda alifanya kazi hapo hapo. Yeye alibeba mafungu ya mashati kutoka kwetu sisi wa mashine hadi meza ya vifungo, iliyokuwa mwisho kabisa wa chumba. Asubuhi tulitembea pamoja kwenda, jioni tukarudi pamoja, na katikati ya hapo yeye alikuwa bado anatembea. Akivua viatu jioni, miguu imefura mpaka unamwonea huruma.

Halafu bosi akatuletea mwalimu wa kuboresha kazi. Mtu mpole, saa mkononi, anahesabu hatua za watu. Alichora mistari ya manjano sakafuni, akatundika ubao ukutani, akasema kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani kila mtu atasimama mbele ya ubao atoe wazo moja. Ukikosa, unawekewa doa jekundu kando ya jina lako. Ukifikisha matatu, unaitwa ofisini, na sote tulijua anayeitwa ofisini harudi kwa mashine.

Kila Ijumaa! Jameni, mtu atatoa wapi mawazo yote hayo? Wiki ya kwanza tuliyamwaga yote. Baadaye tukaerevuka, tukaanza kuficha. Ukiona kitu kinachoweza kurekebishwa unanyamaza, unaendelea kuumia nacho, unakiweka akiba ya Ijumaa utakayokosa la kusema. Mimi nilikaa mwezi mzima nikiinama kuokota makasi, kwa sababu wazo la kuyafunga kamba kwa mashine nilikuwa nimeliweka akiba. Ukitaka kucheka, cheka tu.

Jirani yangu hakuwa na akiba. Alikuwa na madoa mawili. Ijumaa moja tukienda kazini akaniambia, "Dada, leo sina kitu kabisa. Nikipata la tatu, watoto nitawaambia nini?"

"Chukua langu moja," nikamwambia.

Nilikuwa nayo mawili. La makasi, na lingine: meza ya vifungo isogezwe hadi nyuma ya mashine zetu, maana hapo ukutani kuna soketi ya mashine ya vifungo. Nikampa la meza. Nilimpa hilo kwa sababu ya ile miguu yake, haki ya Mungu. Niliona atapumzika.

Alilikariri njia nzima. Jioni akasimama mbele ya ubao, akalisema vizuri kuliko mimi, hata soketi akaionyesha kwa kidole. Mwalimu akasema tangu aje hajasikia wazo zuri hivyo. Tukapiga makofi. Akapewa zawadi ya kilo mbili za sukari, na njiani kurudi aliimba. Mimi nami nikaimba naye, mjinga mimi.

Jumatatu tulikuta meza imeshahamishwa. Nilimaliza kola, nikageuka, nikanyoosha mkono, mwenzangu wa vifungo akaipokea. Basi. Jirani yangu alisimama kwenye ule mstari wa manjano, mikono mitupu, akingoja fungu la kubeba. Alingoja mpaka saa nne, wakati wa chai. Supavaiza akaja akamwambia, tena kwa upole, aende nyumbani, kazi ikipatikana atapigiwa simu. Mimi nilikuwa naangalia sindano. Sikuinua kichwa, na hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo.

Jioni nilirudi peke yangu. Nilitaka kuingia kwangu kimya kimya, lakini mlango wake unatazamana na wangu, na ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye stuli.

"Ingia, mbona unanyemelea kama mchuuzi anayefuatwa na askari wa kanjo?"

Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vinne bila kuniuliza. Nikashika kikombe.

"Dada, mimi sikujua," nikasema.

"Hata mimi sikujua, na ni mimi nilikuwa nabeba." Akanyoosha miguu mbele yangu. "Ona, leo haijafura."