Waliniombea Safari ya Ziwa

Niliondoka Likasi kwa sababu ya uvimbe katika titi la kushoto. Daktari wa kampuni ya madini, mwajiri wa mume wangu, aliubonyeza mara mbili, kisha akaandika barua nipelekwe Lubumbashi nikakatwe.

Jumapili baada ya misa, mtaani kwetu Kikula, niliwaaga akina mama wa kikundi chetu cha sala. Kwetu titi huitwa mabele. Sikuweza kulitamka neno hilo mbele ya picha ya Bikira Maria, nikachukua la vitabuni, ambalo angalau lilikuwa limevaa nguo.

"Nasafiri kwa ajili ya ziwa."

"Tshangalele?" akauliza Mama Veronika, muuza unga, ninayekaa naye benchi moja, akidhani nasema lile ziwa la wavuvi karibu na mji wetu. "Basi utuletee samaki, mama. Siyo wale wembamba kama bwana yangu."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha wakapiga magoti wakamwomba Mungu mtumbwi wangu usipinduke. Nikaitikia amina.

Jumatatu asubuhi nilipanda treni. Baada ya kituo cha pili nilitoa rozari. Nilifika "utuombee sisi wakosefu" nikakwama. Wanawake kumi walikuwa wakiniombea, na nilikuwa nimewatuma kusikokuwa na shida yangu.

Lubumbashi, jioni hiyo, nilipokewa na wifi yangu, Mama Beatrisi. Alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwetu.

"Kikundi chako kinakuombea?"

"Wananiombea nisizame," nikasema, nikamweleza.

Mwiko ukasimama. "Eh, wifi. Minye nitaomba kwa jina la ugonjwa. Mungu hana haya. Haya iko na weye."

Alhamisi nilikatwa. Nilipozinduka, upande wa kushoto ulikuwa bapa chini ya bendeji. Mama wa kitanda cha pili, mwenyeji wa Kipushi, alinisogezea kikombe.

"Yangu yote mbili ilienda," akasema. "Minye niko. Kunywa uji."

Nilikaa majuma matano, hadi kidonda kilipofunga. Kila asubuhi mtawa aliyetufunga bendeji alisali kwa sauti, akitaja kila ugonjwa kwa jina lake. Nilijifunika shuka usoni alipofika kwangu.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Likasi nilisimama mbele ya kikundi. "Sikwenda Tshangalele. Nilikatwa mabele. Niliwadanganya, na ninyi mkampelekea Mungu uongo wangu."

Hakuna aliyenikemea, na hilo lilinichoma zaidi. Kiongozi wetu alisema tu, "Tuanze tena," wakapiga magoti.

Wengine walipokwisha kutoka, Mama Veronika alibaki. Alirudisha mlango, akaushika mkono wangu, akauingiza chini ya blauzi yake. Nilikuta kitu kigumu kama kokwa la mchikichi, na ngozi juu yake imevutwa ndani.

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya weye kuenda. Ile siku nilitafuta mutu wa kuuliza." Akafunga vifungo, akitazama sakafu. "Nikaona weye unaenda kutembea ku Tshangalele."

Nilikuwa nimedhani aibu yangu ni yangu peke yangu, kwamba ikimwumiza mtu, mtu huyo ni mimi. Siku hiyo nilijifunza kuwa sivyo.

Jumatatu iliyofuata tulipanda treni pamoja, mimi na yeye. Alinishukuru mara tatu kwa kumsindikiza. Hadi Lubumbashi sikuweza kumtazama usoni.