Wasifu wa Mama Ndani ya Disketi

Mama alipofariki Homa Bay, kaka yangu mkubwa aliandika wasifu wake wa kusomwa mazishini kwenye kompyuta ya ofisini kwake Nairobi, ambako printa ilikuwa imeharibika, akanitumia kwa basi ukiwa ndani ya disketi. Miaka hiyo ya tisini, katika familia yetu kompyuta ya nyumbani ilikuwa kwangu tu, Migori, pamoja na printa kuukuu iliyokwaruza kama bati linaloburutwa. Kazi yangu ilikuwa kuchapisha.

Mara ya kwanza skrini ilijaa vijisanduku na alama za ajabu. Nilijaribu programu nyingine, maneno yakatokea, nikaanza kusoma. Watoto wote wa Mama walitajwa, isipokuwa dada yetu aliyemwacha mumewe kule Oyugis akarudi nyumbani. Ndiye aliyemwosha na kumlisha Mama hadi mwisho.

Nilimpigia kaka simu kwa hasira.

“Umemsahau dada.”

“Sijamsahau,” akasema. “Wakwe zake watakuwepo mazishini, sitaki aibu. Wewe chapisha tu, usiguse kitu.”

Nilikata simu, nikaliandika jina la dada mahali pake, nikaongeza kwamba ndiye aliyemuuguza Mama. Kisha nikachapisha.

Kwenye mazishi kaka aliusoma wasifu mwenyewe, bila kuupitia kwanza. Alipofika kwenye jina lile alinitazama, halafu akalisoma. Dada alilia kwa sauti.

Baadaye kaka alinivuta kando. “Umeniaibisha mbele ya watu.”

“Ulitaka nimfute mtoto wa Mama?” nilimuuliza.

Aligeuka akarudi kwa wageni. Mpaka leo hajamwomba dada msamaha, na mimi hasira haijanitoka.