Mapigo ya Kupimia Gololi

Leo nimekata mgomba nyuma ya nyumba, hapa Kitendaguro, na harufu ya utomvu imenikalisha chini kabla kazi haijaisha.

Tulipokuwa kidato cha pili, kundi letu lilibuni jaribio la mwendo: gololi iteremke kwenye ganda la mgomba lililoinamishwa, nasi tupime muda wake. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo mwenzetu mmoja, binti wa wavuvi wa visiwa vya Muleba, alishika kifundo cha mkono wake na kuhesabu mapigo. Mara ya kwanza alipata sita. Baadaye nane, kisha kumi, ingawa mteremko haukubadilika.

"Gololi imeshiba ndizi!" mmoja wetu alicheka.

"Wewe hujui kuhesabu," nilimwambia yule binti. "Rudia."

Akarudia mara tatu, bila kubisha.

Mwalimu alisoma namba zetu, kisha akamwekea yule binti kiganja kwenye paji la uso. "Gololi haina kosa," alisema. "Mwenzenu anaungua homa. Moyo wake ndio unaokwenda mbio."

Alimwinua, wakaondoka taratibu kuelekea zahanati. Nami, daftari likiwa bado mkononi, nikawaita kwa nyuma: "Mwalimu, sasa nani atatuhesabia?"