Siku Tuliyongoja Ziwa Lijae

Sisi tuliokuwa wasichana wa Bukoba wakati Mwingereza bado yuko, tuliwajua senene, wale panzi wa msimu wa mvua, kwa vidole, si kwa ulimi. Mvua za Novemba zikianza, tulikurupushwa alfajiri tukapanda orweya, lile pori la nyasi juu ya migomba yetu ya Kagondo, tukaokota senene huku umande ukitulowesha hadi magotini. Tukirudi tulikaa chini jikoni kuwachambua, mbawa huku, miguu kule. Kisha walikaangwa, nyumba nzima ikanukia, mate yakatujaa mdomoni, na sahani ikapelekwa kwa Tata, baba yetu. Mwanamke wa Kihaya hakula senene. Aliwaokota, akawapika, akapiga magoti na kumwandalia mumewe, na mume akifurahi alimnunulia mkewe kitambaa cha nguo. Mambo yalikuwa hivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Bibi yetu, mama yake Tata, ndiye aliyekuwa askari wa desturi hiyo. Ili senene wasipotee njiani kuelekea kwenye sahani, alituamuru tuimbe wakati wa kuchambua. Tuliimba nyimbo za kanisani, za Kilatini, ambazo hatukuelewa hata neno moja. "Anayenyamaza anatafuna," alisema. Basi tuliimba mpaka makoo yakakauka, na padre angepita pale angedhani ni nyumba ya watakatifu. Bibi mwenyewe alichambua pamoja nasi, kwenye kona yake yenye giza karibu na mtungi, lakini hakuimba kamwe. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya meno, maana yalikuwa yamebaki machache.

Mwaka ninaousimulia, dada yangu Kokushubira, tuliyemwita Koku, alikuwa ameposwa na watu wa Kishanda, kule Muleba. Koku alikuwa mrefu, mpole mbele ya wakubwa, na mtundu kuliko sisi sote wakubwa wakigeuka. Wageni walikuwa wanakuja kupanga siku ya harusi. Siku ikishapangwa, bibi harusi wa enzi zetu aliingizwa ndani, akapakwa samli, akalishwa, wala hakuliona jua tena mpaka aende kwa mumewe. Jioni moja tukiwa kwenye mikeka ya kahawa tukifukuza kuku, Koku alisema jambo ambalo lilinikaa moyoni.

"Nitampikia mume wangu senene maisha yangu yote," alisema. "Ninataka nijue nampikia nini."

Hapo ndipo safari yetu ilipoanza kupangwa. Vijana wa siku hizi wakitaka kwenda matembezi wanaanzisha kundi kwenye simu, wanabishana wiki nzima kuhusu rangi ya fulana, halafu siku ikifika wanatokea wawili, na mmoja wao amekuja kuaga. Sisi tulikuwa watatu, tulipanga kwa kunong'ona, na wote tulifika.

Wa tatu wetu alikuwa Zuhura. Yeye alikaa mjini, karibu na msikiti, na alikuja kwetu na mama yake kununua ndizi. Bibi yake, Bi Rehema, alitoka Pangani, akaletwa Bukoba na mumewe aliyekuwa mfanyabiashara, naye alikaanga vitumbua ambavyo mji mzima uliviamkia. Zuhura alizaliwa Bukoba na hakuwahi kuiona bahari hata kwenye picha, lakini ukimsikia akiisimulia ungedhani ametoka kuiogelea asubuhi hiyo.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa mahali pa kuwala senene kwa siri. Migombani hakufai, kwa sababu nyuma ya kila mgomba kuna shangazi wa mtu. Zuhura akasema twende kwa mtumbwi kwenye mafunjo kule ziwani, tujifiche katikati yake, maana hakuna mwanamke aendaye huko. Wavuvi waliamini kwamba mwanamke akikanyaga mtumbwi, samaki wanahama. Kwa hiyo hata tungeonekana kwa mbali, nani angedhani ni wanawake?

Tatizo la pili lilikuwa maji. Hatukujua kuogelea. Na hapo Zuhura akatufungulia elimu ya Pangani. Alisema maji hayakai mahali pamoja. Mwezi ukiwa mpevu, asubuhi maji hutoka, huenda zake mbali, mpaka wanawake wanatembea chini ya bahari wakiokota pweza. Alasiri hurudi. Basi sisi tutakwenda yakiwa yametoka, wakati kina hakifiki hata magotini, tutakula senene wetu kwa raha, na alasiri maji yakijaa yatauinua mtumbwi na kuturudisha ufukoni bila jasho.

"Lakini hili ni ziwa," nilisema.

"Maji yote ni ndugu," alijibu Zuhura.

Nami nikaamini. Mimi niliyezaliwa nikiliona ziwa hilo kila asubuhi likiwa palepale, halijawahi kwenda popote wala kurudi kutoka popote, nilimwamini mtu aliyesimuliwa bahari na bibi yake. Koku naye aliamini. Nadhani alitaka sana kuamini. Zuhura akawa nahodha, Koku akashika upondo kwa kuwa alikuwa mrefu, na mimi nikapewa kazi ya uongo. Tukiulizwa, niseme tulikwenda kuchota maji.

Kuwapata senene hakukuwa kazi nyepesi. Tulijifunza kuimba huku vidole vikiwapeleka kwenye pindo la gauni, na nakwambia, kuiba ukiimba Kilatini kunahitaji kipaji. Zuhura aliwachukua, akawakaanga kwenye kikaango cha vitumbua bibi yake alipokwenda kuswali. Kesho yake wateja walimsifu Bi Rehema kwamba vitumbua vya leo vina ladha ya pekee. Mtumbwi tuliuazima kwa jirani yetu mvuvi, yaani yeye hakuwepo. Alikuwa anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mahali fulani. Ulikuwa mtumbwi wa zamani, wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na pale ulipovuja tulisokota nyuzi za mgomba tukaziba.

Mwezi ukapevuka siku ileile ambayo wageni wa Kishanda walikuwa wanakuja. Nilitaka tuahirishe. Koku akakataa. Wangefika jioni, yeye alitakiwa awe ameoga, amekaa, tayari kupiga magoti na kuwapa kahawa ya kutafuna. Asipokuwepo, Tata ataaibika na watu watarudi kwao na maneno yao. Lakini baada ya jioni hiyo angefungiwa, na nafasi isingepatikana tena. "Maji si yanarudi alasiri?" alimwuliza Zuhura. "Yanarudi," alisema Zuhura, kama mtu aliyeyatuma mwenyewe.

Tuliingia kwenye mafunjo jua likiwa bado la asubuhi. Koku alisukuma kwa upondo, mtumbwi ukateleza katikati ya mabua marefu, ndege wakaruka, na mimi nilishika ukingo kwa mikono miwili nikisali Salamu Maria kimyakimya. Tulikwenda hivyo mpaka mtumbwi ukakwaruza chini, ukaganda. Zuhura alifurahi sana. "Mnaona? Yametoka." Ukweli ni kwamba tulikuwa tumepanda juu ya tope kwa nguvu zetu wenyewe, lakini saa ile tuliona ni ushahidi kamili.

Tukafungua jani la mgomba. Sijui niseme nini juu ya senene yule wa kwanza. Alikuwa mkavu nje, laini ndani, na chumvi yake ilikwenda mpaka masikioni. Mimi na Zuhura tulikula kama watu wanaofukuzwa. Koku alikula mmoja mmoja, polepole, macho yamefumbwa. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana wanatunyima," akacheka mpaka akajishika mbavu. Aliwabakiza wachache kwenye jani, akalifunga, akalitia kifuani.

Tukaanza kungoja maji yajae. Zuhura alichomeka bua kwenye tope ili tupime yanavyopanda. Jua likafika utosini, bua likabaki lilivyokuwa. Jua likaanza kuinama, bua likabaki vilevile. Koku hakucheka tena. Alikuwa anatazama upande wa nyumbani, akisugua kiganja kwa kiganja, nami nikaanza kuwaona wageni kwa mawazo, wamekaa kwetu sebuleni, wakitazama kiti kitupu. Mara nikahisi ubaridi miguuni. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo.

"Si niliwaambia," alisema Zuhura. "Yanajaa."

Yalikuwa yanajaa kweli, ila ndani ya mtumbwi. Nyuzi zetu za mgomba zilikuwa zimechomoka. Nje, bua la Zuhura lilisimama kwa utulivu kama mlingoti wa bendera ya Mwingereza pale bomani.

Koku hakungoja tena. Bibi harusi yule, ambaye jioni hiyo alitakiwa kunukia samli, alikunja gauni akashuka kwenye tope likamfika kiunoni. Nasi tukashuka. Tulisukuma, tukavuta, tukazama, tukaokoana, Zuhura akipoteza kiatu kimoja na heshima yote ya unahodha. Tulipofika ufukoni gauni la Koku lilikuwa limemganda mwilini hivi kwamba asingeweza kupita njiani kwa adabu, kwa hiyo tulikata kila mmoja mzigo wa nyasi na mafunjo mabichi, tukaukumbatia mbele ya kifua. Tukapanda kilima tukikimbia.

Wageni walikuwa wameshafika. Tata alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake sitausahau. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye macho makali, alitutazama kuanzia nywele mpaka tope la mwisho. Nikajua umefika wakati wa kazi yangu. Nikafungua mdomo niseme tulikwenda kuchota maji, nikakumbuka hatukuwa hata na mtungi mmoja, nikaufunga.

Bibi akatoka ndani akijikongoja. Alitutazama, akanusa, akageukia wageni.

"Mtusamehe, waitu, ndugu zetu," alisema. "Huyu mtoto nilimtuma majani mabichi ya kutandika chini, mkae vizuri. Nikamwambia ya karibu yanatosha. Hakusikia. Ameyafuata mpaka ziwani."

Yule shangazi akamtazama Koku tena, safari hii polepole. "Anayeingia topeni kwa ajili ya miguu yetu," alisema, "tunatafuta nini tena?" Tata akashusha pumzi nikaisikia. Majani yetu ya uongo yakatandikwa sebuleni, wageni wakaketi juu yake, na siku ya harusi ikapangwa.

Bibi alitupeleka nyuma ya jiko kutuosha. Alimwaga maji, akatusugua kwa nguvu, mpaka mimi nikaanza kulia kwa hofu. Alipomaliza akatuangalia mmoja mmoja.

"Midomo yenu inanuka," alisema. Kisha akanyoosha kiganja mbele ya Koku. "Wamebaki?"

Koku akatoa jani, limelowa, lina tope. Bibi alilifungua, akachagua mmoja, akamfuta kwenye kanga yake, akamtia mdomoni na kumtafuna kwa yale meno yake machache kwa ustadi wa ajabu. Akameza, akafikiri.

"Wa mwaka jana walikuwa na mafuta zaidi," alisema, akaondoka na jani lote.

Msimu uliofuata Koku alikuwa Kishanda, na mimi nilichambua peke yangu na Bibi. Aliniamuru niimbe kama kawaida, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Niliimba kwa moyo wote. Kutoka ile kona ya giza karibu na mtungi, nilipopumua kati ya ubeti na ubeti, nilisikia kitu kikivunjika taratibu kwenye meno.

Leo senene wanauzwa stendi, wamefungwa kwenye pakiti, na mjukuu wangu anakula kiganja kizima huku macho yakiwa kwenye simu, hajui hata kama amekula. Ninafurahi kwamba hakuna anayemkataza. Nikimwambia jinsi tulivyowapata sisi, ananiuliza kwa nini hatukununua tu. Zuhura yupo bado, amezeeka kama mimi, na tukikutana anashikilia kwamba maji yalikuwa yanakuja, ila sisi Wahaya hatuna subira. Huwa simbishii. Koku ametutangulia, na siku hizi pakiti ya senene ikifunguliwa ninachukua wachache ninaenda nyuma ya jiko, ninafumba macho, ninakula mmoja mmoja. Kwa muda mfupi tumeketi tena watatu kwenye mtumbwi ule unaovuja, Koku yuko mbele anacheka, na ninaliomba ziwa lisijae.