Dani Aja Kisumu Farasi Wakiwa Wamelala

Mwezi wa tano ukifika, Aoko huanza kununa bila sababu. Watoto wamerudi shuleni, mvua inapiga karibu kila alasiri, na ile bustani ya michezo iliyo njia ya kwenda Dunga hufungwa hadi likizo ya mwezi wa nane. Gurudumu kubwa la kupandisha watu juu huvuliwa viti vyake vyote. Bembea hufungwa kamba zisitikisike. Na wale farasi wa mbao wanaozunguka, ambao Aoko ndiye mwendeshaji wao, hufunikwa turubai la bluu kama magunia ya mahindi.

Kazi haikomi kabisa. Asubuhi anakwenda kukwangua rangi ya zamani na kupaka mpya, kisha mchana anarudi chumbani kwake Obunga. Hapo ndipo penye shida. Mumewe, Shitanda, ni fundi wa mawe anayefuata majengo Siaya na Bondo, na nyumbani huonekana mwisho wa mwezi. Watoto wao wamekua, kila mmoja yuko kwake. Basi Aoko huketi kitandani akisikiliza mvua kwenye mabati, masikio yakitafuta kelele za watoto asizipate.

Alizaliwa upande wa Sondu, akaja Kisumu akiwa msichana, akauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa muda, halafu akaajiriwa kufagia hiyo bustani. Siku moja mwendeshaji wa farasi aliugua, naye akaambiwa ashikilie kidogo. Kidogo hicho hakijaisha hadi leo. Watoto wa mtaani humwita Madam Farasi, na akipita sokoni hukutana na vijana wenye ndevu wanaomkumbusha kwamba aliwahi kuwafunga mkanda. Lakini Krismasi, Pasaka, Jumamosi, Jumapili, siku zote ambazo watu wa Kisumu hutoka kustarehe, yeye alikuwa kazini akiwastarehesha. Ukimuuliza mwenyewe anapenda nini, angekuambia anapenda miguu yake ipumzike.

Mwaka huu, Alhamisi moja, alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake mlangoni. Mama Atieno, ambaye kila mtu humwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo, kwa sababu ana umri wa kuwa nyanya wa kila mtu, alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kanisani, viatu vya plastiki vilivyooshwa vikang'aa, na mkononi alishika mwavuli na kuku aliyefungwa miguu.

"Mama! Mbona hukupiga simu?"

"Ningepiga ungeniambia nisije, kuna mvua." Dani alimkabidhi kuku. "Nimekuja kupanda gurudumu lenu."

Aoko akabaki na kuku mkononi. Miaka mingi alikuwa amemwambia mama yake, njoo siku moja nikupandishe, na miaka yote mama alikuwa na shamba, au ng'ombe mgonjwa, au mazishi. Sasa alikuwa amekuja, na sababu yake ilitoka wakiwa wanakunywa chai. Kanisani kwao Sondu kulikuwa na rafiki yake, Mama Mathews, aliyepelekwa Nairobi na mwanawe. Huko alipandishwa lifti hadi juu ya ghorofa refu, na tangu arudi hakuna mkutano wa akina mama ambao lifti hiyo haikupanda.

"Tunaomba kwa ajili ya wagonjwa, yeye anasema lifti. Tunachanga maharagwe, yeye anasema lifti," Dani alilalamika. "Mimi pia nataka kitu cha kusema."

Aoko alikosa moyo wa kumwambia. Alimpeleka asubuhi yake akaone mwenyewe.

Langoni walimkuta Frankline, fundi wa mitambo, amepakaa grisi hadi kwenye nyusi. Dani alitazama juu. Gurudumu lilisimama tupu, vyuma vitupu vikikata mawingu, na viti vyake vimepangwa chini kwenye nyasi kama sufuria zilizooshwa.

"Pole, Dani," Frankline alisema. "Liko hospitali. Ninalifanyia operesheni."

"Litapona lini?"

"Mwezi wa nane."

Frankline, aliyeona uso wa Aoko ukianguka, alikimbia akafunua turubai na kumsaidia mama mzee apande farasi mwekundu ambaye rangi yake ilikuwa imekauka tayari. Dani alikaa upande upande, gauni lake limepangwa vizuri, akashika nguzo. Alingoja. Farasi hakutikisika. Akampiga kofi la shingo.

"Huyu amekufa," alisema.

Frankline alicheka hadi akaangusha spana. Dani naye akacheka. Aoko peke yake ndiye hakucheka.

"Sasa," Dani aliuliza akishuka, "hii mji yote imefungwa, ama ni hapa tu?"

Lilikuwa swali rahisi. Aoko alikuwa ameishi Kisumu zaidi ya nusu ya maisha yake. Alijua njia ya kutoka Obunga kuja bustanini na njia ya kurudi. Watu walienda wapi siku ambazo hawakuja kwake?

Frankline ndiye aliyemwokoa. "Kesho kuna mashindano ya mashua kule ufuoni Dunga. Akina mama wauza samaki watapiga makasia wenyewe. Mpeleke. Na leo kabla mvua haijaanza, zungukeni tu mjini. Chukueni tuktuk."

Waliichukua ya kijana mmoja mrefu aliyeitwa Oyugi, ambaye magoti yake yalikaribia kugusa masikio akiendesha. Dani hakuwa amewahi kupanda tuktuk. Alipokaa alishika chuma kwa mikono miwili, na walipofika kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, Oyugi akakata kona kwa kasi kidogo, Dani akateleza kwenye kiti hadi akamgonga Aoko begani.

"Wooi!" alipiga kelele.

"Pole, Dani, nitaenda pole pole."

"Nani amekuambia pole pole? Rudia!"

Oyugi alimtazama Aoko kwenye kioo. Aoko akainua mabega. Basi tuktuk ikazunguka tena, na tena, Dani akiteleza na kurudi, kilemba kimekaa upande, meno yake machache yote nje. Muuza miwa aliyesimama ukingoni aliacha kukata miwa akaanza kuwapungia mkono kila walipopita. Mara ya mwisho Dani naye alimpungia, kama mheshimiwa.

Kisha wakaketi kwenye nyasi karibu na ziwa wale mandazi, na hapo tumbili mmoja akashuka kwenye mti bila haraka, akamwangalia Dani usoni, akanyakua mfuko mzima. Dani alimkimbiza na mwavuli huku akimtukana kwa Dholuo, matusi ya zamani ambayo Aoko hakuwa ameyasikia tangu utotoni, ya kumtaja mwizi na ukoo wake wote. Tumbili alikaa juu ya tawi akala mandazi moja moja, taratibu, akimsikiliza. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Na hapo, bila kujua imetoka wapi, kicheko kilimshika Aoko tumboni kikamkunja. Alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi zenye maji, sketi ikalowa, na hakujali.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Dunga ilikuwa imejaa watu kuanzia kwenye mabanda ya samaki hadi majini. Mashua za mbao zilizopakwa rangi upya zilipangwa kwenye mchanga, na kila moja ilikuwa na kundi lake la akina mama waliofunga leso kiunoni, wakitaniana kwa sauti za kusikika ng'ambo ya ziwa.

Dani na Aoko walikuwa wametafuta mahali pazuri pa kusimama, mwanamke mmoja mnene mwenye mabega kama ya mbeba mizigo alipowafikia. Alikuwa Debra, mkaanga samaki na nahodha wa mashua ya kijani.

"Wewe si Madam Farasi? Ulimbeba mtoto wangu akitapika."

"Ndio mimi."

"Mtu wangu mmoja ameumwa na jino, hawezi kuja. Njoo ukae kwa mashua."

"Mimi? Mimi sijui kuogelea!"

"Hatuendi kuogelea. Tunaenda kupiga makasia. Kuna jaketi za kuelea." Debra akageuka. "Na huyu mama mwenye nyeupe, anajua kuimba?"

"Najua," Dani alisema kabla Aoko hajafungua mdomo, naye tayari alikuwa anavua viatu.

Ndivyo Aoko alivyojikuta amekaa kwenye mashua inayotikisika, jaketi la rangi ya machungwa limemfika kidevuni, kasia mkononi, na mama yake ameketishwa mbele kabisa na mwavuli wake. Walitakiwa waende hadi kwenye mtungi wa njano ulioelea mbali kidogo, wauzunguke, warudi. Filimbi ikalia.

Mashua nyingine zilitoka kama zimesukumwa. Ya kijani ikageuka upande. Aoko alikuwa na nguvu za mikono kwa kuinua watoto kila siku, na kwa woga alivuta kasia lake mara mbili wenzake wakivuta mara moja. Mashua ikazunguka mahali pamoja. Ufuo wote ukapasuka kwa kicheko.

"Madam Farasi!" Debra alinguruma kutoka nyuma. "Tunaenda mbele! Hatuzunguki!"

Hapo Dani akainua mwavuli juu. Sauti yake, ambayo Aoko aliijua ya kuita ng'ombe jioni, ilitoka kali na safi.

"Samaki ni ya nani?"

"Yetu!" wakajibu wachache.

Akashusha mwavuli. Wakavuta.

"Nani ataikaanga?"

"Debra!"

"Nani ataila?"

"Sisi!"

Kila swali mwavuli ulipanda, kila jibu makasia yalizama pamoja. Mashua ikanyooka. Aoko akasikia maji yakianza kukimbia chini ya mbao, upepo ukampiga usoni, na kitu ndani yake kikalegea. Hakuwa akimwangalia mtu yeyote asianguke. Hakuna mkanda aliopaswa kuukagua. Alikuwa na kasia tu, na mgongo wa mwanamke aliye mbele yake, na sauti ya mama yake.

"Wale mbele yetu wamekula nini?" Dani aliuliza, akiwaelekeza mwavuli wapinzani.

"Uji!"

"Sisi tumekula nini?"

"Kuku!"

Na kweli walikuwa wamekula kuku, Dani na Aoko. Mashua ya bluu, iliyoongozwa na mwanamke mmoja mwembamba aliyeitwa Nanyama, ndiyo ilikuwa ya kwanza kufika kwenye mtungi, lakini upepo ulikuwa umesukuma kisiwa cha magugu maji hadi hapo, nao wakaingia katikati yake, na karibu wote waliowafuata pia. Makasia yao yalitoka majini yakiwa yamevaa majani kama vilemba.

"Pole, Nanyama!" Debra alipaza sauti wakipita.

"Pole ya nini? Tunachuma mboga!" Nanyama alijibu, na mashua zote mbili zikacheka kiasi cha kukosa nguvu za kuvuta.

Waliuzunguka mtungi. Walipogeuka kuelekea ufuoni Aoko alianza kupiga kelele. Hayakuwa maneno. Ilikuwa ile kelele aliyoisikia kila siku ya kazi, ya watoto wakati farasi wanapoanza kushika kasi, nayo ilitoka tu kifuani mwake na haikukoma. Mwenzake wa kando akaidaka, kisha mwingine, hadi mashua nzima ikawa inapiga kelele, na Dani mbele akipunga mwavuli bila kufuata mdundo wowote tena.

Walifika wa pili. Mashua nyekundu ya mabinti wadogo, iliyoyakwepa magugu, iliwatangulia kwa mbali, na hakuna aliyejali. Debra alimbeba Dani kutoka mashuani hadi mchangani mikononi mwake, gauni jeupe limejaa matope na maji ya ziwa. Aoko aliwafuata, kasia bado mkononi.

Zawadi ya wa pili ilikuwa mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, na kama ilivyosemwa kule majini, Debra ndiye aliyemkaanga. Walikaa wote kwenye mabenchi ya kibanda chake, mashua ya kijani na ya bluu pamoja, kwa kuwa Nanyama alikuja na ugali akisema hawezi kuacha samaki aliwe vibaya. Mvua ya alasiri ikaanza, ikapiga paa, na hakuna aliyeondoka. Dani aliomba simu ya Aoko ampigie Mama Mathews.

"Haloo! Ni mimi. Niko ziwani." Alisikiliza kidogo. "Hapana, gurudumu sikulipanda. Limelazwa. Sasa nyamaza nikwambie."

Akamwambia. Alianza na tuktuk, akaenda kwa tumbili, akarudi kwa tuktuk, na alipofika kwenye mashua alisimama ili aonyeshe kwa mikono, ingawa Mama Mathews alikuwa Sondu na hakuweza kuona. Kibanda kizima kilimsaidia. Aliposema samaki ni ya nani, wote walijibu kwa pamoja, na Mama Mathews, sauti yake ikitoka ndogo kwenye simu, akauliza mashindano mengine ni lini.

Dani alikuwa amepanga kurudi Sondu Jumapili baada ya ibada. Jumapili alisema barabara imelowa. Jumatatu alisema Nanyama amemwalika akaone anavyokausha omena, na si vizuri kumkatalia mtu mwaliko.

Jumatatu hiyo Aoko alikwenda kazini, mikono ikimuuma hadi akashindwa kuinua brashi juu ya shingo ya farasi. Frankline alimkuta akipaka kwato.

"Madam Farasi, ilikuwaje Dunga?"

Aoko akafungua mdomo. Hakuna sauti iliyotoka, ila mkwaruzo mwembamba. Alijaribu tena, akashika koo, na akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, rangi nyekundu ikimdondokea kwenye buti.

"Mungu wangu," Frankline alisema. "Ulipiga kelele kiasi hicho?"

Aoko akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa hakuweza kueleza, aliweka brashi chini, akachukua ufagio, akauinua juu kwa mikono miwili kama Dani na mwavuli wake, na kumwonyesha ilivyokuwa.