Jinsi Mama Calvin Alivyotuchelewesha Opera

Nilikwenda Amerika kumwona mdogo wangu Nekesa, si kusikiliza watu wakipiga mayowe kwa Kiitaliano. Nililisema hilo nikiwa bado nyumbani Kitale, nikalirudia nilipofika kwake Laurel, mji wa magorofa na barabara kubwa nje kidogo ya Washington. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Lakini Nekesa ameolewa na Mmarekani mweusi, Calvin, na watu wa kina Calvin wana desturi yao: kila mwaka baridi ikipungua, wote huvaa wakapendeza wakaenda pamoja opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Aliyeianzisha ni babake Calvin. Mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hii ilikuwa mara yao ya kwanza kwenda bila yeye.

"Shemeji," Calvin aliniambia kwa Kiswahili chake cha chuo kikuu, kilichonyooka kama kimepigwa pasi, "marehemu baba alikuwa mtu wa kuchelewa mno. Kila mwaka tulikuta milango imefungwa. Mama hajapata kuuona mwanzo wa onyesho hata mara moja. Mwaka huu hatuna budi kuwahi, kwa ajili yake."

Hapo nikalainika. Mimi ni mwalimu, nimeishi na kengele maisha yangu yote. Kumketisha mjane kitini kabla pazia halijafunguliwa? Niachieni mimi!

Saa nne asubuhi tukatoka Laurel kwa gari. Onyesho lilikuwa la saa nane mchana, kwa hiyo muda ulikuwepo, tena wa kutosha na kubaki. Tulipofika Riverdale Park anakokaa Mama Calvin, tulimkuta bado na gauni la kulalia, anamwagilia maua ya dirishani. Akatukumbatia mmoja mmoja. Akaenda kuvaa, akarudi na nguo ya zambarau, akajitazama kwenye kioo, akarudi kubadilisha. Kisha glavu hazionekani. Zikaonekana, ikawa siyo zile alizotaka. Jamani!

"Mwambie tunachelewa," nilimnong'oneza Nekesa.

"Mwambie wewe. Mimi ni mkaza mwana, nitaanzaje?"

"Na mimi ni mgeni!"

Basi tukakaa pale kwenye kochi, wanawake wawili wazima waliolelewa kuheshimu wakwe, tukitabasamu huku roho zinatuuma. Calvin alikuwa anazunguka sebuleni na funguo mkononi.

Takoma Park tulikuwa tunapita tu, kuacha gari na kupanda treni. Mama Calvin akakumbuka kwamba rafiki yake wa kanisani anakaa karibu na kituo. Dakika moja tu, amsalimie. Mwenyeji akatoa keki. Mimi nilikataa kwa adabu, nikakaa ukingoni mwa kiti na pochi mapajani ili kila mtu aone kwamba tuko njiani. Mama Calvin akala kipande, akasifu, akaomba cha pili! Nilitamani nipige kengele.

Mjini tuliposhuka treni kulikuwa kumebaki mwendo mfupi wa miguu hadi ukumbini, kando ya mto. Bado tungewahi. Mama Calvin akasimama kuutazama mto. Ehe, mto! Mto utakimbilia wapi? Nikamshika mkono nikijifanya namsaidia kutembea, kumbe namvuta. Akawa mzito kama gunia la mahindi.

Ukumbini tukakuta milango imefungwa. Kijana mwenye sare akatuambia kwa upole tungoje mpaka waruhusiwe waliochelewa. Calvin akaegemea nguzo, akafunika uso kwa mikono miwili. Heshima ikaniishia hapo hapo.

"Mama," nikamwambia kwa Kiingereza, "tangu asubuhi tunahangaika kwa ajili yako! Mwanao alitaka uone mwanzo walau mara moja, na wewe unakula keki!"

Mama Calvin akaniacha pale. Alipita milango yote hadi ule wa mwisho kushoto, akaegemeza bega kwenye mbao, akafumba macho. Ubavuni mwake, upande wa ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Muziki ulikuwa umeanza, ukatufikia kwa mbali kupitia mlangoni.

"Kila mwaka alisimama hapa," akasema. "Ananishika mkono, ananiomba msamaha mpaka mlango ufunguliwe. Leo mngeniwahisha, ningemkuta wapi?"

Nekesa akaanza kulia. Calvin akaiacha nguzo. Akaenda akasimama nyuma ya mamake, ile nafasi ya ukutani hakuigusa. Nami, na hasira zangu zote, nikabaki nimeshika pochi, sijui nizipeleke wapi. Tulisimama hivyo mpaka kijana akatufungulia, tukaingia tukaketi. Mayowe yenyewe, nikiri, yalikuwa matamu.

Jioni tukirudi kituoni, Mama Calvin alitutangulia kwa hatua ndefu, akatuita tusikose treni. Kumbe miguu alikuwa nayo! Ndani ya treni Calvin akamuuliza kama mwaka ujao waondoke saa ile ile.

"Hapana, mwanangu, baadaye kidogo," akasema. "Leo mmenitia hofu. Nusura tuwahi."

Nilicheka mpaka abiria wakageuka, huku nataka pia kumfinya.

Sasa nimerudi Kitale, na kengele yangu bado naipiga kwa wakati. Mtoto akichelewa namsimamisha mlangoni na kumuuliza sababu, kama zamani. Ila siku hizi, nikishauliza, nangoja jibu.